Mambo Mbotela: Mtoto wa Freretown aliyeiuliza Kenya swali la ungwana

Leonard Mambo Mbotela alifariki dunia Ijumaa tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye kibanda cha chai hapa Kahawa Wendani, ambako naishi mwaka wa kumi na moja sasa. Kibanda ni cha dada mmoja mtu wa Likoni anayepika mahamri na mbaazi za nazi, na kwa sisi watu wa Pwani tuliotupwa huku kando ya barabara ya Thika, hapo ndipo barazani petu. Redio ilikuwa ikitoa habari za marehemu. Kijana mmoja mwanafunzi wa chuo, mtu wa Murang'a ambaye hunywa chai pale karibu kila siku, akanigeukia.

"Ustadh, huyu mzee alikuwa nani hasa?"

Kabla sijameza tonge, dada akamrukia: "We! Humjui Mambo Mbotela? Wa Je, Huu ni Ungwana?"

Kijana akasema jina la kipindi amelisikia, hata babake hulitamka mtu akimkanyaga ndani ya matatu. Kisha akauliza jambo lililonitoa pale nikaja kuandika makala haya: "Lakini ungwana wenyewe ni nini?"

Nilimpa jibu la haraka. Adabu, nikamwambia, tabia njema. Akaridhika, akalipa, akaenda zake. Mimi sikuridhika, kwa sababu aliyekulia Mombasa anajua kwamba neno hilo lina mambo mengi ndani yake, na kwamba zamani mtu wa mwisho kuitwa muungwana katika mitaa yetu angekuwa mtu wa Freretown. Na Mbotela alikuwa mtu wa Freretown.

Kwa hiyo tuanze huko.

Watu wa kengele

Freretown iko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa kaskazini, ukishavuka daraja la Nyali. Ilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa CMS, shirika la Kanisa la Kianglikana la Uingereza, na ikapewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash bin Said afunge soko la watumwa. Mkataba ulitiwa saini mwaka huo huo. Lakini biashara haikukoma kwa saini. Majahazi yaliendelea kubeba watu kwa siri, na manowari za Kiingereza zikaendelea kuyakamata. Waliookolewa walifikishwa nchi kavu wakiwa hawana pa kwenda. Kwao kulikuwa mbali sana bara, na wengine walichukuliwa wakiwa watoto hata njia ya kurudia hawaijui. Freretown ikawa ndio kwao.

Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi. Walikuwamo pia wale walioitwa Waafrika wa Bombay, watu waliookolewa miaka ya nyuma wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik, kisha wakarudishwa pwani yetu wakiwa walimu, mafundi na wakalimani. Lugha iliyowakusanya wote hawa ikawa Kiswahili. Ilikuwa lugha ya watu waliowazunguka, na kwa wengi wao ilikuwa pia lugha ya waliowauza.

Kijijini kulitundikwa kengele, igongwe watu wakionekana wanakuja kuwateka tena. Kengele ile ipo hadi leo, na ndiyo iliyopa mahali pale jina la Kengeleni. Kila siku maelfu ya abiria wa Kisauni na Bamburi humwambia makanga "shukisha Kengeleni" bila kufikiria kwamba wanataja chombo cha hofu.

Ukoo wa Mbotela unatokana na mateka wa aina hiyo. Mzee wa ukoo alikuwa Myao kutoka pande za Ziwa Nyasa, akatekwa, akapakiwa chomboni, na chombo kikakamatwa na Waingereza. Mmoja wa ukoo huo, James Juma Mbotela, ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vilivyoandikwa na Mwafrika wa Kenya kuhusu watu wake mwenyewe. Kinasimulia kutekwa, safari ya bahari, kuokolewa na maisha ya Freretown. Mwingine wa ukoo ni Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Mtaa wa Mbotela ulioko Nairobi una jina lake. Wengi hapa Wendani hudhani mtaa ule uliitwa kwa ajili ya mtangazaji.

Kitabu cha Uhuru wa Watumwa nilikisoma nikiwa mkubwa, na nakiri kilinikera. Mwandishi anamsifu Mwingereza kupita kiasi, na Mwarabu na Mwislamu wa pwani hawapati nafasi ya kupumua. Wataalamu wamekikosoa kwa hilo. Lakini nilipokirudia baada ya miaka kadhaa nilijiuliza ni nani angemfundisha mwandishi kutusifu. Sisi tuliokuwa tukiwaita watu wake "wamisheni" kwa sauti ile tunayoijua? Bibi yangu, Allah amrehemu, alikuwa mtu mwema aliyewapa maji wapita njia, lakini ukimtajia mtu wa Freretown alikuwa na namna ya kuvuta mdomo. "Hao si waungwana," husema, na mazungumzo yakaisha. Hakuwa na maana kwamba hawana adabu. Alikuwa na maana nyingine kabisa.

Neno lenyewe

Katika miji ya Waswahili, tangu Lamu mpaka Kilwa, muungwana alikuwa mtu huru wa asili, mwenye nasaba, mwenye nyumba ya mawe au angalau jamaa aliye nayo, Mwislamu, asiyewahi kumilikiwa na mtu. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Adabu, usafi, kusema kwa upole, kutokula njiani, kubisha hodi na kungoja, yote hayo yalihesabiwa kuwa dalili za hali hiyo, kama kanzu inavyokuwa dalili. Mtumwa aliyeachwa huru angeweza kuvaa kanzu, kuswali safu ya mbele na kusema Kiswahili cha kunyooka, na bado watu wakanong'ona. Sheria ya kuondoa hadhi ya utumwa ilifika pwani ya Kenya mwaka 1907. Minong'ono haikuondolewa na sheria yoyote.

Dini yetu haina nafasi ya mambo hayo. Bilal alikuwa mtumwa, na Mtume (SAW) akampa kazi ya kuwaita watu katika swala. Kila khatibu husema hivyo mimbarini. Ndoa zikifika, hata hivyo, maswali ya "huyu ni mtoto wa nani?" hurejea, na sitajifanya kwamba nyumba yetu ilikuwa tofauti.

Sasa chukua neno hilo lenye uzito wote huo, ulitie mdomoni mwa kitukuu cha mtu aliyeokolewa kwenye jahazi la watumwa, umpe maikrofoni ya taifa, na umwache aulize Wakenya wote, Mswahili wa Mji wa Kale na Mkikuyu wa Ruiru kwa pamoja: je, huu ni ungwana? Hiyo ndiyo habari ya Mambo Mbotela kama ninavyoiona mimi. Magazeti yaliandika sana kuhusu mapinduzi na mpira. Swali lenyewe walilipita kama ni kibwagizo tu.

Kutoka Freretown hadi studio

Alizaliwa Mombasa mwaka 1940 na kulelewa Freretown. Masomo ya sekondari aliyafanya Kitui, kisha akaingia kazi ya uandishi wa habari akianza kama mwanagenzi kule Nakuru mapema katika miaka ya 1960. Mwaka 1964 alijiunga na redio ya taifa.

Mwaka huo una maana yake. Shirika la utangazaji lililoachwa na wakoloni lilitwaliwa na serikali mwaka 1964 na kubatizwa Sauti ya Kenya, Voice of Kenya, ambayo wazee wetu waliita VOK mpaka walipokufa, ingawa mwaka 1989 lilirudi kuwa shirika, KBC. Serikali changa ilihitaji sauti za kuzungumza na watu wote, na sauti za Kiswahili zenye kutiririka zilipatikana kwa wingi pwani. Ndiyo maana mtu wa rika la babangu akihesabu watangazaji wa zamani, majina ya pwani yanatangulia. Mombasa ilikuwa tayari imeonja redio yake yenyewe, Sauti ya Mvita, kabla ya uhuru.

Nilipokuwa nasomea stashahada ya uanahabari, mwalimu wetu, ambaye hakuwa mtu wa pwani, alituambia tusome taarifa "kama Mbotela". Sisi wawili tuliotoka Mombasa darasani tulicheka kidogo, tukidhani atatusifu sisi. Akatuambia wazi kwamba sisi tunakimbiza maneno, tunameza silabi za mwisho, na tunadhani kuzaliwa na lugha ndiko kuisema. Mbotela hakumeza silabi. Alikuwa na sauti nzito yenye tabasamu ndani, akitua mahali pa kutua, na alitumia maneno ambayo mama wa Kitui na mvuvi wa Vanga wangeyaelewa sawa. Ilikuwa sanaa ngumu. Kiswahili cha redio ya taifa kilipaswa kisiwe Kimvita, kisiwe Kiunguja cha vitabu, na kisiwe cha bara. Watu wa Freretown walikuwa wamejifunza kufanya hivyo vizazi vitatu kabla yake, kwa sababu hawakuwa na lahaja ya mababu ya kuegemea.

Alitangaza karibu kila kitu: taarifa, sherehe za kitaifa, salamu, mpira. Enzi za Rais Moi alikuwa pia katika kikosi cha wanahabari waliofuatana na rais katika ziara zake. Alistaafu kazi ya kuajiriwa, lakini hakuiacha redio wala redio haikumwacha.

Mpira wa masikio

Kwa vijana wa Wendani wanaotazama ligi ya Uingereza kwenye simu wakiwa kwenye foleni ya matatu, ni vigumu kueleza mpira wa kusikiliza. Lakini kulikuwa na wakati ambapo Wakenya wengi hawakumwona kamwe mchezaji waliyempenda. Walimwona kupitia kinywa cha mtangazaji. Mbotela, Mohammed Juma Njuguna, Ali Salim Manga, Billy Omalla, hawa ndio waliokuwa uwanja wenyewe.

Mbotela alijulikana zaidi kwa namna alivyomtangaza Mahmoud Abbas, kipa wetu wa Mombasa. Harambee Stars walitwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, na Abbas alikuwa langoni. Babangu alikuwa na redio ya National yenye kifuniko cha ngozi, na anasema mpira ukimkaribia Abbas, Mbotela alikuwa akipandisha sauti hatua kwa hatua kama mtu anayepanda ngazi, kisha akaishusha ghafla mpira ukishadakwa, na mtaa mzima wa Majengo ukashusha pumzi pamoja naye. Mwislamu wa Mombasa langoni, Mkristo wa Freretown kwenye maikrofoni. Hakuna aliyeuliza nani muungwana siku hiyo.

Jumapili ya mapinduzi

Tarehe 1 Agosti 1982 ilikuwa Jumapili. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, askari wa jeshi la wanahewa walianza jaribio la kuipindua serikali ya Moi, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, kijana wa cheo cha chini. Walihitaji kituo cha redio, na walipokipata wakahitaji sauti.

Kwa mujibu wa simulizi ya Mbotela mwenyewe, aliyoirudia mara nyingi hadi uzeeni, askari walimfuata nyumbani kwake Ngara kabla ya alfajiri, wakamwamuru aandamane nao hadi studio, na huko akatakiwa kutangaza kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Mtutu wa bunduki ulikuwa karibu naye. Akasoma.

Kwa nini hawakusoma wenyewe wakaridhika? Babangu hujibu swali hilo vizuri kuliko vitabu. Anasema kama angemsikia askari asiyemjua, angedhani ni mlevi amevamia studio, akarudi kulala. Lakini ilipokuja sauti ya Mbotela, alikaa kitandani, akamwamsha mamangu, akamwambia, "Basi ni kweli." Watu walikuwa wameiamini ile sauti kwa miaka kumi na minane. Waasi walikuja kuchukua imani hiyo kama wanavyochukua ghala la silaha.

Kabla siku haijaisha, wanajeshi watiifu wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed walikikomboa kituo kwa risasi. Mbotela alikuwa ndani. Akaokoka, na kisha akatakiwa tena kukaa kwenye maikrofoni ile ile, safari hii kuwaambia wananchi kwamba serikali ya Moi ingali madarakani. Mtu mmoja, siku moja, kiti kimoja, matangazo mawili yanayopingana, na mara zote mbili waliomzunguka walikuwa na bunduki. Sijui mtangazaji mwingine wa nchi hii aliyebebeshwa mzigo kama huo.

Ochuka alikimbilia Tanzania, akarejeshwa, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi, na mwaka 1987 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Kamiti si mbali na hapa ninapoandika, ni upande ule wa Kahawa West, na kambi ya jeshi ya Kahawa ni jirani yetu wa karibu zaidi. Wakati mwingine nikipita nawaza kwamba historia hii tunayoihesabu kuwa ya Nairobi mjini ina kaburi lake huku mashambani kwetu, kati ya hosteli za wanafunzi na maduka ya vifaa vya ujenzi.

Mbotela hakuadhibiwa. Alirudi kazini. Wengine waliteswa na kufungwa kwa makosa madogo kuliko hayo, na wapo waliomnung'unikia kwa hilo. Mimi sioni kosa la mtu aliyesoma karatasi aliyopewa kwa mtutu. Nilicho nacho ni swali jingine, nalo linahusu miaka iliyofuata na kile kipindi chenyewe.

Kipindi

Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966 na kikadumu zaidi ya nusu karne, kwanza redioni na baadaye kwenye televisheni pia. Muundo wake ulikuwa mwepesi. Mbotela alichukua tabia fulani ya watu, akaisimulia kama kisa, kwa utani, mpaka ukamwona jirani yako mle ndani. Mtu anayekuja kukutembelea saa ya chakula kila mara. Aliyeazima jembe akalisahau kwake. Anayetema mate njiani. Anayezungumza kwa kelele ndani ya basi. Kisha akauliza swali lake, na akaliacha hapo hapo. Hakuwa mkali. Nadhani ndiyo siri ya kudumu kwake, kwa sababu mtu akikukemea unazima redio, lakini akikuuliza unajikuta umejibu.

Zingatia alichofanya na neno. Bibi yangu alijua muungwana kwa kumtazama babu yake. Mbotela aliwafundisha Wakenya kumjua kwa kutazama anachofanya ndani ya basi. Akiulizwa na mtu wa ukoo wa Kishirazi kwa nini anatema mate barabarani, nasaba haimsaidii. Na kibarua wa mashamba ya kahawa ya Ruiru, ambaye babu yake hakujua hata kwamba kuna mji uitwao Lamu, anaweza kuwa muungwana leo hii kwa kumpisha mzee kiti. Kwa miaka zaidi ya hamsini, wiki baada ya wiki, mtu kutoka kijiji cha kengele alilihamisha neno kutoka kwenye damu hadi kwenye mwenendo. Kijana wa Murang'a akiniuliza maana ya ungwana nami nikamjibu "adabu" bila kufikiri, jibu hilo ni la Mbotela. Bibi yangu asingelitoa.

Sijui kama yeye mwenyewe alikusudia hivyo, na sitamwekea maneno kinywani. Lakini asili yake hakuificha. Aliizungumzia mbele za watu, kwamba yeye ni kizazi cha watumwa waliookolewa, kwa utulivu ule ule aliotangazia mpira. Pwani ninayoijua mimi, watu wenye historia kama hiyo huibadilisha. Hujitafutia babu wa Oman au wa Yemen, au hunyamaza kabisa. Yeye alisimama nayo, na nchi nzima ikamwita mzee.

Sasa swali langu. Redio ilikuwa ya serikali. Katika miaka ya 1980 watu walizuiliwa bila kushtakiwa, waandishi walikimbilia ng'ambo, na mwaka 1988 wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya wagombea na kuhesabiwa kama ng'ombe. Kuhusu hayo, kipindi hakikuuliza kama ni ungwana. Kilimuuliza jirani, kikamwacha mkubwa. Wenzangu wa rika langu husema huo ndio udhaifu wake mkubwa, kwamba kilizoesha watu kudhani nchi inaharibiwa na anayetema mate.

Nilikubaliana nao kwa muda mrefu. Nikiwa na miaka ishirini na kitu niliwahi kuandika hivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Siku hizi nakubali nusu. Ni kweli kipindi hakikumgusa mkubwa, na hakingeweza kumgusa kikabaki hewani hata wiki moja. Mtu aliyeona Agosti 1982 akiwa ndani ya studio alijua zaidi yetu bei ya neno moja. Lakini swali likishafundishwa halichagui wa kuulizwa. Nimelisikia likitamkwa na kina mama wa soko wakifukuzwa na askari wa kaunti. Nimelisikia kwenye mazishi ya vijana waliopotea Mombasa, likitamkwa na mzee ambaye hakutaja serikali hata mara moja. Alisema tu, "Je, huu ni ungwana?" na kila mtu akajua anamuuliza nani.

Dukani tena

Wiki ile ile nilimkuta yule kijana kibandani. Nilimwambia nimempa jibu fupi siku ile na ninataka kuliongeza. Nikamsimulia Freretown, kengele, jahazi, bibi yangu na mdomo wake. Alisikiliza mpaka chai ikapoa. Kwao pia kuna watu ambao hawaozwi binti, akasema, na hajawahi kuambiwa sababu.

Dada mwenye kibanda alikuwa akikanda unga mgongo kwetu. Sikujua anasikiliza. Akasema, bila kugeuka, "Mimi bibi yangu mzaa mama ni wa Freretown. Hapa Wendani nimekaa miaka minane, kaka, na hata wewe sijakwambia."

Nilimuuliza kwa nini.

"Kwani wewe ungeninunulia mahamri?" Akacheka, nasi tukacheka, lakini alikuwa ameuliza kweli, na mimi sikumjibu haraka kama nilivyomjibu kijana siku ya kwanza.

Kijana anataka kwenda Mombasa likizo ya Agosti. Amewahi kufika mara moja tu, akaishia ufuoni. Nikamwambia akishafika mjini apande matatu ya Kisauni, avuke daraja la Nyali, amwambie makanga amshushe Kengeleni, kisha asiulize njia ya bahari, aulize kengele iko wapi. Akaandika jina kwenye simu yake. Dada akamsahihisha: alikuwa ameandika "Kengereni".